Barua ya wazi: tahadhari ilikuja kwa pikipiki, masahihisho yanakuja kwa miguu

Kwenu Waheshimiwa mnaosimamia huduma za VVU na afya ya mama na mtoto, kuanzia wizarani na TAMISEMI hadi kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya.

Kamwene. Huku kwetu Njombe mazungumzo huanza hivyo, hata kama mtu amekuja na lawama.

Mimi ni mkulima wa viazi hapa Makambako, mama wa watoto wawili, na naishi na virusi vya UKIMWI. Kwa miaka 11 nilikuwa WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake, yule mama anayekaa kwenye benchi pamoja na wajawazito na kuwaambia kwa sauti ya chini yale ambayo nesi mwenye foleni ya watu 60 hana muda wa kuyasema. Elimu yangu ni darasa la saba. Haya nitakayoyaandika niliyapata kwenye semina, kwa madaktari wawili watatu wenye subira, na kwa kuuliza hadi watu wakanichoka. Yote nimeyaandika kwenye kauntabuku moja ambayo jalada lake limeshatoka.

Nawaandikia kwa sababu ya vidonge 21.

Binti yangu wa kwanza ni mjamzito. Ana miaka 20, na yeye pia ana virusi, alizaliwa navyo. Ameniruhusu nisimulie haya mradi jina lake nisilitaje. Jumapili moja jioni niliingia chumbani kwake kutafuta kiberiti, mkono ukagusa chupa ya dawa. Aliyefanya kazi yangu anaijua chupa kwa kuitikisa, na ile ilikuwa nzito. Nikavimwaga vidonge kwenye sahani, nikavihesabu kumi kumi kama nilivyozoea kuvihesabu vya wengine. Alikuwa amechukua chupa ya vidonge 90 kule CTC, kliniki ya dawa za VVU, siku 46 kabla. Vilitakiwa vibaki 44. Vilikuwa 65.

Nikakaa kitandani kwake, nikamsubiri. Aliporudi kutoka bombani aliiona sahani kabla hajaniona mimi.

"Mama, usinigombeze," akasema. "Nilikuwa namlinda mtoto."

Wiki tatu nyuma alikuwa amekwenda kuanza kliniki ya mimba, kwenye kituo ambacho si kile anachochukulia dawa. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Mhudumu alipoiona chupa kwenye mkoba akamuuliza, "Hii si ndiyo ile ya watoto wa mgongo wazi? Nani amekupa na hiyo mimba?" Basi, akaita mwingine kwenye foleni. Binti yangu akarudi nyumbani, akaifunika chupa kwa kanga, na tangu siku hiyo hakumeza kitu.

Siandiki ili mhudumu huyo aadhibiwe, ndiyo maana sitamtaja wala kituo chake. Nilikwenda kumwona. Ni dada mpole, alinipa kiti na maji ya kunywa. Aliniambia kwamba habari hiyo aliipata kwenye semina mwaka 2018, na tangu hapo hakuna aliyemwita tena kwenye semina ya dawa hizi. Miaka saba. Tahadhari ilimfikia kwa pikipiki. Masahihisho bado yako njiani, yanakuja kwa miguu.

Naomba niyaandike hapa hayo masahihisho, kwa Kiswahili, hata kama wengi wenu mnayajua kuliko mimi. Sijayaona yakibandikwa kwenye ukuta wa kliniki yoyote niliyowahi kukaa.

Kidonge chenyewe, TLD, kina dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hiyo ya tatu ndiyo iliyozua hofu. Huko Botswana kuna utafiti ulioanza 2014, unaitwa Tsepamo. Kwenye hospitali zilizomo, wakunga humkagua kila mtoto anayezaliwa, na huandika mama yake alikuwa anatumia dawa gani na tangu lini. Mei 2018 walikuwa wamehesabu akina mama 426 waliopata mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegraviri. Watoto 4 walizaliwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo, zile tunazoziita kichwa wazi na mgongo wazi. Hiyo ni karibu mtoto 1 kati ya 100, wakati kwa wanaotumia dawa nyingine ni kama 1 kati ya 1,000. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani na mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya wakatoa tahadhari. Walifanya sawa. Ningekuwa mimi ndiye niliyeziona hesabu zile, ningepiga yowe hadi Songea wanisikie.

Lakini wakunga wa Botswana hawakuacha kuhesabu. Julai 2019 akina mama walikuwa 1,683 na kasoro 5. Mwezi huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegraviri kuwa dawa ya kwanza kwa watu wote, wajawazito wakiwemo. Kufikia 2022 akina mama walikuwa 9,460 na kasoro 10. Ukigawanya utapata karibu 1 kati ya 1,000, kiwango kilekile cha dawa nyingine. Wale wanne wa mwanzo walikuwa wamekusanyika mahali pamoja kwa nasibu, kama mtu anavyorusha shilingi ikaangukia mwenge mara nne mfululizo. Ukiacha kurusha hapo utaapa kwamba shilingi ina mwenge pande zote.

Na kuna jambo jingine ambalo lingemwokoa binti yangu hata mwaka ule ule wa 2018, tahadhari ilipokuwa mbichi. Ule mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba itunge, mara nyingi kabla mwanamke hajajua kama ana mimba. Mimba ya miezi mitano mgongo wa mtoto umeshafunga zamani. Kumwachisha mama dawa wakati huo hakumkingi mtoto na mgongo wazi hata kidogo. Kunachofanya ni kuvifungulia virusi mlango.

Siyo mara ya kwanza tunapita njia hii. Kabla ya TLD tulikuwa na kidonge chenye efavirenzi, kile cha usiku kilichotuletea ndoto za ajabu. Nacho kiliogopwa kwa wajawazito kwa miaka mingi, kwa sababu watoto wa kima waliopewa dawa hiyo maabara walionekana na kasoro: watatu kati ya ishirini. Wanawake walibadilishiwa dawa, wengine wakapewa nevirapini iliyowasumbua ini na ngozi. Ilikuja kujulikana baada ya maelfu ya mimba za binadamu kwamba watoto wa efavirenzi hawana kasoro zaidi ya watoto wengine, na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likaondoa shaka hiyo. Mara mbili sasa hofu imetangulia na hesabu zikafuata nyuma. Naona iko siku itakuwa mara ya tatu, na nitalirudia hilo.

Julai 2018 wanawake 39 wanaoishi na VVU kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali kuijadili tahadhari ile. Wangeweza kusema tuondoleeni dawa hii. Walisema kinyume chake: tupeni maelezo yote, hatari na faida, tupeni uzazi wa mpango kwa anayeutaka, kisha tuacheni tuchague wenyewe. Katika nchi kadhaa wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa wameshaanza kunyimwa dolutegraviri, wote kwa ujumla, hata asiyefikiria kuzaa tena. Msichana wa miaka 19 alibaki na dawa ya zamani na kaka yake akapewa mpya.

Sasa niseme kwa nini nina uchungu na vidonge 21 kiasi hiki.

Mwaka 2005 nilipokuwa na mimba ya huyu binti nilipimwa, nikaambiwa ninavyo. Njombe ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa. Dawa niliyopewa ilikuwa kidonge kimoja, kimoja tu, cha nevirapini, ndani ya bahasha ndogo ya kaki. Nikaambiwa nikimeze uchungu ukianza. Nilikifunga kwenye pindo la kitenge na nikakaa nacho hivyo kwa wiki saba. Nikifua nakihamisha, nikilala nakishika. Mume wangu aliniuliza nimefunga nini, nikamwambia ni dawa ya meno. Uchungu ulipoanza nilikimeza kwa mate kwa sababu maji yalikuwa mbali. Mtoto naye alipewa matone yake ndani ya siku tatu kama ilivyotakiwa. Nilifanya kila kitu walichoniambia.

Utafiti wa kidonge hicho ulifanyika Kampala, ukatangazwa 1999. Kwa njia waliyokuwa wakiilinganisha nayo, watoto 25 kati ya 100 walikuwa wameambukizwa wakifika miezi mitatu na nusu hivi. Kwa kidonge kimoja walikuwa 13. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa nchi maskini, sibishi, na wako vijana wanatembea leo kwa sababu yake. Wangu alikuwa miongoni mwa wale 13, au pengine alivipata baadaye kwenye maziwa, maana nilimnyonyesha bila dawa yoyote hadi akaanza kutembea. Tulijua akiwa na miaka miwili, alipolazwa kwa nimonia mara ya tatu.

Mimba ya pili ilinikuta mwishoni mwa 2013, nchi ikianza mpango mpya: mjamzito yeyote mwenye VVU anaanza dawa siku hiyohiyo bila kusubiri CD4, zile chembe za kinga mwilini, zishuke, na anaendelea maisha yote. Nikapewa kidonge kimoja kila usiku. Ndoto nilizoota sitaki kuzikumbuka. Agosti 2014 nikajifungua mtoto wa kiume wa kilo 3.1. Alipimwa damu ya kisigino wiki ya sita, akapimwa tena, na baada ya miezi 18 wakaniambia hana. Leo anamaliza darasa la tano na kazi yake kubwa ni kunivunjia vikombe. Damu ni ileile, maziwa ni yaleyale. Tofauti ya watoto hawa wawili ni kidonge kimoja cha siku moja na kidonge kimoja cha kila siku.

Dawa ya sasa ni bora kuliko ile iliyomkinga mdogo wake. Kuna utafiti wa wajawazito 643 kutoka nchi tisa, Tanzania ikiwemo. Wakati wa kujifungua, waliotumia dolutegraviri 98 kati ya 100 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Wa efavirenzi ni 91. Mwingine ulifanyika Uganda na Afrika Kusini kwa wajawazito 268 waliochelewa, walioanza dawa baada ya wiki ya 28. Hawa ndio nilikuwa nawaogopa kuliko wote pale kwenye benchi, wale wanaokuja na tumbo limeshafika puani. Wa dolutegraviri 74 kati ya 100 walifika leba virusi havionekani. Wa efavirenzi walikuwa 43 tu. Dawa hii inavikimbiza virusi haraka, na mjamzito aliyechelewa anachohitaji ni haraka.

Mama asiyetumia dawa kabisa na akanyonyesha, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Mama aliyeanza mapema, asiyekatiza, virusi vikafubaa, wanashuka chini ya 1 kati ya 100.

Sisemi dawa hizi ni pipi. Kuwaficha wanawake madhara ndiyo njia ya haraka ya kuwafanya wasikuamini siku wakiyasikia kwa jirani. Utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Afrika na India, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba dawa tatu za wakati ule zilipunguza maambukizi hadi nusu mtoto kwa kila 100, lakini watoto waliozaliwa chini ya kilo 2.5 waliongezeka. Zidovudini, dawa nyingine ya VVU, inaweza kupunguza damu. Dolutegraviri inanenepesha baadhi ya watu, na wengine inawanyima usingizi. Yote hayo yanasemeka. Nilikuwa nayasema kila Jumanne, na sijapata kuona mwanamke akiacha dawa kwa sababu aliambiwa ukweli kamili. Wanaacha kwa sababu ya nusu ya sentensi, kama ile ya yule mhudumu.

Lipo lingine dogo ambalo halitajwi kabisa. Kila mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu, FEFO. Ni vizuri, kina mama wetu wengi damu ni kidogo. Lakini madini ya chuma yaliyomo hushikamana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Ukivimeza pamoja kwenye tumbo tupu, zaidi ya nusu ya dawa hupotea. Dawa yake ni rahisi hadi inaudhi: vimeze vyote pamoja na chakula, au meza TLD masaa mawili kabla ya FEFO, au masaa sita baada yake. Kalsiamu ni vivyo hivyo. Zile dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, ambazo mjamzito gani hajazitafuna, hata chakula hakizisaidii. Lazima zitenganishwe kwa masaa hayo.

Sasa mwangalieni mama wa kwetu. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, baridi inakata masikio, anakunywa chai ya rangi bila kitafunwa, anameza vidonge vyake vyote kwa mkupuo ili asivisahau, anakwenda shambani. Anarudi kula saa saba. Amekuwa mtiifu kuliko mimi na wewe, na kiasi kikubwa cha dawa kimepotea. Pale kwenye benchi nilikuwa nasema, "Viazi kwanza, vidonge juu yake." Maneno matano. FEFO inatolewa dirisha moja na TLD dirisha jingine, na kila dirisha lina mtu wake, daftari lake na haraka yake. Karatasi ya maelekezo inayokuja na chupa ni Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama mchanga. Nimewahi kumwomba mwalimu wa sekondari anisomee. Alifika katikati akaniambia, mama, hii hata mimi imenishinda.

Kuhusu kipimo cha wingi wa virusi nitasema kifupi, maana miongozo ipo na inasema vizuri. Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito apimwe wingi wa virusi kati ya wiki ya 34 na 36, ili wakunga wajue kabla ya leba kama mtoto yuko kwenye hatari kubwa. Akiwa nayo, mtoto anatakiwa dawa zaidi ya moja, badala ya ile nevirapini ya maji pekee. Binti yangu baada ya zile wiki tatu alichukuliwa damu. Majibu yalikuja wiki ya saba. Kwa mtu asiye na mimba, wiki saba ni usumbufu. Kwa mjamzito wa wiki ya 34, mtoto atakuwa ameshazaliwa, ameshapewa dawa isiyomtosha, na karatasi ya majibu itamkuta mama yake ameshatoka uzazi. Mashine zinazopima TB kwenye hospitali zetu nyingi zina uwezo wa kupima pia wingi wa virusi na damu ya mtoto mchanga, majibu siku hiyohiyo. Sampuli ya mjamzito ipite mbele ya nyingine zote. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji waraka wa ukurasa mmoja na stika nyekundu.

Sasa nije kwenye lile linalonihusu mwenyewe, na mnisamehe kama nitaonekana napigia debe tumbo langu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mradi uliokuwa ukitulipa posho ulitupigia simu: kesho msije. Muda mfupi baadaye huduma za kuokoa maisha ziliruhusiwa, na kuzuia maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto kulitajwa wazi kwamba kumo. Dawa ziliendelea kutolewa. Benchi letu likabaki tupu. Inaelekea kwenye mahesabu ya wakubwa kidonge ni huduma ya kuokoa maisha, ila mtu wa kukuambia umeze na viazi ni pambo.

Nilikuwa na wanawake 38 kwenye kauntabuku siku ile. Najua nani mume wake hajui. Najua nani anaficha chupa ndani ya debe la unga, nani anaogopa kutengwa na mama mkwe, nani akikosa siku mbili nimfuate na nani nikimfuata nitamharibia ndoa. Mambo haya hayaingii kwenye kompyuta ya kliniki, na hayatakiwi kuingia. Mkoa wetu ndio uliokuwa juu kuliko yote kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022/2023: asilimia 12.7 ya watu wazima wana VVU, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Ukikaa na wajawazito wanane hapa kwetu, jua yupo mmoja. Na wasio navyo leo wanaweza kuvipata mimba ikiwa tumboni au mtoto akiwa kwenye ziwa, wakati ambapo virusi huwa vingi mno kwenye damu na mtoto yuko hatarini kuliko wakati mwingine wowote. Wanahitaji kupimwa tena na tena, na kinga kwa anayeitaka. Nani anamkumbusha mama mwenye mtoto wa miezi saba kwamba kile kipimo cha mwanzo wa mimba kimeshapitwa na wakati?

Mwaka 2023 duniani waliambukizwa watoto wapatao 120,000. Wengi mama zao hawakupata dawa kabisa, lakini wamo pia ambao mama zao walianza wakaacha. Kila nikisoma namba hiyo natafuta ndani yake sahani yenye vidonge 65.

Ninachowaomba basi ni hiki. WAVIU washauri wa kliniki za wajawazito waingizwe kwenye bajeti za halmashauri, hata kwa posho ndogo, kwa fedha zetu wenyewe. Mfuko wa udhamini wa kudhibiti UKIMWI upo kisheria. Tumieni sehemu yake kwa watu, msiishie kwenye makasha ya dawa. Toeni karatasi moja ya Kiswahili, maandishi makubwa, inayosema TLD ni salama tangu siku ya kwanza ya mimba, inaliwa na chakula pamoja na FEFO, usiiache bila kurudi CTC. Ibandikwe kwenye kila dirisha linalotoa dawa, na kwenye maduka ya dawa muhimu pia, maana huko nako maneno yanasemwa. Na mhudumu aliyeitwa 2018 kusikia tahadhari, aitwe tena. Mna orodha ya waliohudhuria, walisaini na wakalipwa nauli.

La mwisho ni lile nililosema nitalirudia. Sindano mpya zinakuja. Lenakapaviri ya kujikinga, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, imeshapendekezwa na Shirika la Afya Duniani Julai 2025, na utafiti wake wa Uganda na Afrika Kusini uliwaruhusu wanawake waliopata mimba waendelee kubaki ndani badala ya kutolewa kama ilivyozoeleka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Dolutegraviri iliidhinishwa Marekani 2013, na hadi 2018 dunia nzima ilikuwa na hesabu za maana za akina mama waliobeba mimba wakiitumia kutoka nchi moja tu, tena yenye watu wachache kuliko Mkoa wa Dar es Salaam. Dawa hizi zitakapofika kwetu, wakunga wetu nao wapewe daftari kama la Botswana: mtoto, mgongo, kichwa, dawa ya mama, tangu lini. Tunazalisha watoto wengi mno kusubiri hesabu za wenzetu kila mara.

Binti yangu alirudi kwenye dawa jioni ileile ya sahani. Nilimpikia viazi na maharage, akameza kidonge na FEFO yake mbele yangu, akalia kidogo, akalala. Majibu ya ile damu ya kwanza, yalipofika, virusi vilikuwa vimepanda. Jumatatu ametimiza wiki ya 34 na wamemchukua sampuli nyingine. Leo ni Ijumaa, na simu ya kliniki bado haijaita.

Ni mimi,
WAVIU mshauri wa zamani, Makambako